Nilitengeneza pedi ya gemu Kilosa, wakajitokeza wenyewe wawili

Wakuu, poleni na majukumu ya kutwa nzima.

Humu mimi huwa napita kusoma tu, kukomenti ni mara moja moja. Leo nimekuta mdau mmoja anauliza namna ya kufufua pedi za gemu za zamani, zile gemu za kaseti, nikacheka peke yangu mpaka wife akaniuliza kuna nini.

Nikaona bora niandike. Chumvi sitii. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu wahusika wengine wapo hai na watoto wao wana simu kama mimi na wewe.

Ni miaka ile ya tisini, biashara imeshaachiwa huru. Vitu vinaingia nchini kutoka kila upande, vya used, original na feki, vyote vimechanganyika sokoni na hakuna anayejua kipi ni kipi. Huku watu wanapunguzwa kazini, huku madukani redio na TV zinaongezeka. Ukiniuliza maisha yalikuwa yanapanda au yanashuka, nitakwambia sijui. Yalikuwa yanafanya yote mawili.

Mimi nilikuwa fundi redio Kilosa mjini. Meza yangu ilikuwa barazani kwa Mama Zuhura, fundi cherehani, si mbali na stesheni ya treni. Yeye upande huu na cherehani yake, mimi upande ule na moshi wa risasi ya kuchomelea.

Gemu zilipoanza kuingia, nikawa fundi wa pedi bila kupanga.

Kwa vijana wa juzi: pedi ya enzi hizo ilikuwa kitu chepesi sana. Unafungua skrubu za nyuma, ndani unakuta kibao cha saketi, raba ya vitufe na waya. Waya ulikuwa unakatika shingoni, pale unapoingilia, kwa sababu watoto wakifungwa goli wanauvuta. Unakata kipande kibovu, unachomelea upya, kazi imeisha.

Raba ndiyo ilikuwa inasumbua. Chini yake kuna vidoti vyeusi vinavyopeleka moto. Vikilika, mtu anabonyeza kulia mpaka kidole kinauma na mchezaji kasimama tu. Spea hakuna. Nilikuwa nakata ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nagundisha pale pale. Inarudi kama mpya.

Halafu kulikuwa na suala la rangi. Zile plastiki zikizeeka zinakuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Siku moja niligundua kwa bahati tu kwamba ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, ukiitia kwenye beseni ukalaza kava la pedi humo juani siku kadhaa, njano inaondoka. Kava linakuwa jeupe peee.

Wakuu, nilijiona profesa.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Mikumi, nimwite Mzee Mbaruku. Alikuwa mfanyakazi wa reli, akapunguzwa na wenzake. Kiinua mgongo chake akanunulia TV na gemu, akafungua ukumbi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, jirani kabisa na barabara kuu. Wachezaji wake ni watoto wa mtaani na matingo wa malori. Alikuja Kilosa kuwasalimia wenzake wa zamani, akaniletea pedi tatu, zote mbovu.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja wa Kisukuma kutoka Msowero, Mama Kulwa. Walikuwa wafugaji na wakulima wa mpunga, wamehamia kule miaka kadhaa nyuma. Nyumbani kwao umeme hakuna, lakini mumewe alikuwa na TV ndogo ya kutumia betri ya gari, na gemu. Betri wanaleta kuchaji mjini siku ya gulio. Yeye aliniletea pedi moja.

"Fundi, hii ni ya mume wangu," akasema. "Yuko na ng'ombe huko malishoni. Nataka akirudi aikute inafanya kazi."

Zote nne zilikuwa aina moja. Nikazifungua. Kila moja nikaiweka kwenye sahani yake, makava nikayalaza kwenye mabeseni nyuma ya nyumba, kila mwenye mali na beseni lake.

Ijumaa nikaenda msikitini. Mvua ikashuka ghafla. Mama Zuhura, Mungu ampe maisha marefu, akatoka mbio kuniokolea kazi. Aliokoa kila kitu. Ila aliokoa kwa kumimina yote kwenye beseni moja, na sahani akazipanga upya ili ajipatie nafasi ya kukaa.

Nikarudi nikakuta furushi.

Nikasema hewala, aina ni moja, raba zote nimezifufua, makava yote meupe. Nani atajua? Nikaziunga. Nikazijaribu, zote fresh. Mzee Mbaruku akachukua tatu zake akiwa anacheka, anazigeuzageuza kama mtu aliyenunua viatu vya sikukuu.

Siku ya gulio akaja Mama Kulwa. Nikamkabidhi ya kwake nikisubiri sifa.

Akaitazama. Akaigeuza. Akanitazama mimi.

"Fundi, hii siyo yangu."

"Ni yako mama, nimeisafisha tu."

"Hii ni feki. Yangu ilikuwa original, ya njano. Pembeni ina alama za meno. Hapa meno yako wapi?"

Wakuu, nilikuwa sijawahi kufikiria mtu anaweza kukataa kitu kwa sababu kimekuwa kizuri. Lakini ndiyo zama zenyewe zilivyokuwa: kitu kikimetameta ni feki, cha kweli ni kile kilichochakaa. Kwa akili yake, nimeuza pedi yake nikampa ya Kichina.

Nikaanza kueleza habari ya dawa ya vidonda na jua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana tapeli.

Akapandisha sauti. "Mume wangu akirudi akaikuta hii atasema nimeuza yake! Nitamwambia nini? Kwamba imeoga?"

Watu wakasogea. Kijana aliyekuwa ameleta redio ya baba yake akaichukua mezani kimyakimya, akaondoka nayo ikiwa wazi mgongoni. Baada yake mwingine. Mpaka jioni meza yangu ilikuwa nyeupe kuliko zile pedi.

Mama Zuhura akaniambia, "Mwanangu, kaitafute hiyo yenye meno, la sivyo hapa hutafanya kazi tena."

Yenye meno niliikumbuka. Alama ndogondogo kwenye kona, kama panya kaonja. Maana yake ilikuwa imeenda Mikumi, ni mojawapo ya zile tatu alizochukua Mzee.

Kesho yake nikapanda gari la Mikumi na ile aliyoikataa Mama Kulwa mkononi. Njiani najipanga maneno. Naomba radhi, tunabadilishana, narudi, basi. Abiria wa Zombo wanashuka na magunia yao, mimi bado narudia hotuba yangu ndogo.

Nilimkuta Mzee Mbaruku amekaa kwenye benchi nje ya ukumbi. Ndani gemu zinalia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, lakini bila ile furaha yake.

Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Fundi, hii umeitoa wapi?"

Mkononi ameshika pedi. Yenye meno.

Nikasema, "Mzee, ndiyo iliyonileta. Hiyo siyo yako, ni ya mama mmoja wa Msowero. Zilichanganyika."

Akatikisa kichwa. "Hii ni yangu."

"Mzee..."

"Nisikilize. Nilikupa tatu, umenirudishia tatu. Lakini hii haikuwa kwenye zile tatu. Hii iliibwa humu ndani, mwaka juzi. Meno haya ni ya mjukuu wangu Rehema, alikuwa anaota meno, kila kitu anatia mdomoni. Mtu asijue meno ya mjukuu wake? Sasa nieleze, kitu kilichoibwa kwangu kimefikaje kwenye meza yako?"

Wakuu, kichwa kilisimama.

Kilosa naambiwa nimeuza pedi ya mtu. Mikumi naambiwa nimepokea pedi ya wizi. Na ni pedi hiyohiyo moja! Nikawa najiuliza labda ni mimi ambaye sikumbuki vizuri. Labda Mzee alinipa nne? Labda Mama Kulwa hakunipa kitu? Nilifika mahali naanza kuamini kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Mzee hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema taratibu tu kwamba kwa sababu ya pedi hiyo alimfukuza ukumbini kijana wa watu, jirani yake, akimshuku, na mpaka leo nyumba mbili hizo hazisalimiani vizuri.

"Kwa hiyo nataka kumjua mwizi," akasema. "Nipeleke kwa huyo mama. Ukikataa tutaongea kituoni."

Hapo nikaogopa kitu kingine kabisa. Nyie mnaoijua Kilosa mnaelewa. Wafugaji na wakulima maneno yalikuwa hayaishi, ng'ombe wameingia shambani, shamba limeingia malishoni. Leo mimi nimpeleke mzee wa watu kwenye boma la mfugaji kumuuliza habari ya wizi? Neno moja likienda vibaya, linazaa mambo ambayo hayana uhusiano wowote na gemu.

Lakini sikuwa na njia. Tukarudi wote Kilosa. Mzee akalala kwa mwenzake wa reli, na asubuhi akanifuata barazani.

Bahati Mama Kulwa alikuwa amekuja mjini tena, safari hii kuchukua betri aliyoiacha ichajiwe siku ya gulio. Nikamvuta pembeni nikamwambia ukweli wote, bila kupamba. Nilidhani atanitukana.

Akasema, "Baba Kulwa amerudi juzi. Mimi sijui aliipata wapi, niliikuta nyumbani. Twendeni mkamuulize mwenyewe. Mimi siwezi kubeba neno kama hilo kumpelekea mume wangu, mtalibeba nyie."

Tukapanda lori la mpunga mpaka Msowero, yeye mbele na dereva, mimi na Mzee nyuma juu ya magunia matupu. Pedi ilikuwa mfukoni mwa koti la Mzee, waya unaning'inia.

Baba Kulwa alikuwa mtu mkubwa, mrefu, anaongea polepole. Alipomwona Mzee akainama kidogo, "Shikamoo, baba." Akatuletea viti, akamwambia mkewe kitu kwa Kisukuma, yakaja maziwa. Tukanywa kwanza. Mimi maziwa yalipita tu, sikusikia ladha.

Mzee akaitoa pedi, akaiweka mapajani.

"Mwanangu, naomba unisaidie," akasema. "Hii uliipata wapi?"

Baba Kulwa akaichukua, akaipapasa pale kwenye kona, akatabasamu. "Ndiyo yenyewe. Mbona imekuwa nyeupe?" Akamtazama mkewe, mkewe akanitazama mimi, mimi nikatazama chini. "Niliinunua Mikumi, baba. Nilikuwa nimepeleka ng'ombe mnadani, nikawa stendi nasubiri gari. Akaja kijana anaiuza. Mimi nyumbani nilikuwa na moja imekufa, nikaona nichukue. Meno haya nilinunua nayo."

"Kijana gani?"

"Kijana tu. Mwembamba, ana mwanya. Alikuwa amevaa kofia ya kazi, ya reli, kubwa kuliko kichwa chake."

Mzee Mbaruku akarudia taratibu, "Kofia ya reli."

Baba Kulwa akaona kuna kitu, akaongeza haraka kama mtu anayejitetea, "Nilimuuliza, baba. Nilimwambia kijana, hii isije ikawa ya wizi. Akasema hapana, ni ya nyumbani. Akasema, baba yangu anazo nyingi, hataona."

Mzee akasema, "Niliona siku ileile."

Nilikuwa nangoja agombe. Nilikuwa hata nimeshapima kwa macho njia ya kutokea. Badala yake akavuta kiti karibu na Baba Kulwa, magoti yakakaribia kugusana.

"Huyo ni mwanangu Shabani. Aliondoka bila kuaga. Alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima, baba."

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana. Alikuwa anacheka. Nilimnunulia chai, tukanywa pamoja."

"Alipanda gari la wapi?"

"Hakupanda basi. Alipanda lori, la kwenda juu, Iringa huko. Alisema anafika mpaka Tunduma, kuna kazi ya kupakia mizigo mpakani."

Hapo ndipo Mzee aliposhika kichwa.

Wakuu, huyu mzee alikuwa amekwenda Dar mara nyingi kumtafuta mwanawe. Kabla hajaondoka, Shabani kutwa alikuwa anaitaja Kariakoo, kila mtu akajua ameenda huko. Mzee amezunguka masokoni, amelala kwa ndugu, ameuliza mpaka watu wakamchoka. Kumbe mtoto alipanda lori pale pale Mikumi, kwenye barabara ileile inayopita mbele ya nyumba, akaelekea kusini.

Na ile pedi hakuwahi kuiunganisha na kuondoka kwa Shabani. Alidhani katika ile purukushani ya kumtafuta, mtu wa ukumbini kajichukulia. Ndiyo akamwangushia lawama kijana wa jirani.

Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni. Yule yule aliyenipigia kelele siku ya gulio, sasa anafuta macho kwa kona ya kitenge.

Baba Kulwa akamrudishia Mzee pedi kwa mikono miwili. "Chukua baba, ni mali yako. Mimi nilikosea kununua kitu stendi."

Mzee akaisukuma. "Kaa nayo. Ulimnywesha chai mwanangu."

Mimi nikajikuta natoa ile pedi nyingine mkobani, ile aliyoikataa mama, nikamkabidhi Mzee, ili angalau atoke na tatu zake. Akaipokea bila kuitazama.

Mzee hakupumzika. Siku chache baadaye alipanda basi la Mbeya, akaunganisha mpaka Tunduma.

Alipotoka huko akapita Kilosa makusudi kuniona. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha miguu.

"Nimemwona," akasema.

Nikamuuliza, "Anarudi?"

"Hajasema anarudi. Hajasema harudi. Amepanga chumba, anapika mwenyewe, tumekula wali wake. Mbaya." Akacheka mpaka akakohoa. "Nilimuuliza kwa nini aliondoka hivyo. Akasema aliona nimepoteza kazi, na yeye ni mdomo wa ziada wa kulishwa nyumbani. Sasa mimi mdomo wake ulinisumbua lini?"

Hilo swali hakuniuliza mimi kweli.

Akasema pia ameshakwenda kwa yule jirani kumwomba radhi mtoto wao. Kijana alimsamehe. Mama yake bado, na Mzee alisema ana haki.

Shabani alirudi Mikumi sikukuu ya Idi iliyofuata. Kusalimia tu, kisha akaenda zake. Lakini tangu hapo akawa anakuja.

Kwa upande wangu, Mama Kulwa alinisafisha. Alipita meza kwa meza siku ya gulio akisema fundi hana kosa, fundi hana kosa, kwa sauti ileile aliyonichafulia. Wateja wengine walirudi. Yule kijana wa redio ya baba yake hakurudi kamwe, na nikikutana naye njiani alikuwa anavuka upande wa pili. Sauti ya kwanza ilikuwa imemtosha.

Sasa wakuu, hapa ndipo mnapotakiwa kunisaidia, maana miaka imepita na bado sijaelewa.

Kwa kawaida hapa ningetoa funzo. Ningesema: fundi, weka alama kwenye kitu cha kila mteja. Muulize mtu kabla hujamsafishia mali yake, wengine uchakavu ndio kitambulisho chao. Ni kweli, na yule mdau aliyeuliza namna ya kufufua pedi azingatie hilo kabla ya kutia kava lolote kwenye dawa.

Lakini kama siku ile ningekuwa nimeweka alama, kila mtu angepata pedi yake. Mama Kulwa angefurahi, Mzee angefurahi, mimi ningesifiwa. Na Mzee angeendelea kwenda Dar kumtafuta mtu ambaye hayuko Dar.

Kuna wakati nasema ni Mungu. Wakati mwingine nasema ni mvua tu na haraka za Mama Zuhura. Rafiki yangu mmoja aliniambia ni uzembe uliobahatika.

Siku hizi nina duka la simu. Kila simu ya mteja naibandika kikaratasi chenye jina lake kabla sijagusa skrubu hata moja. Sijawahi kuacha kubandika. Ila kila nikibandika, mkono unasita kidogo.

Mafundi mliomo humu, na wazazi ambao mtoto aliwahi kuondoka bila kuaga, karibuni mseme mnavyoliona. Matusi wekeni pembeni, mengine yote nasoma.